Kutoka Faili Bapa Hadi Majedwali: Funzo la Kuhama kwa Wikipedia

1. Utangulizi

Kila aliyewahi kukusanya maneno ya lugha anayajua mashaka ya sanduku la kadi. Kadi zikiwa mia moja, mkono unaifikia kila moja bila taabu. Zikifika elfu tatu, mkusanyaji huanza kusahau alichokiandika mwenyewe. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akitayarisha tasnifu yake ya lisansi, alikusanya maneno ya Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi na kuyaweka katika faili moja la kompyuta. Kila neno lilikuwa na mstari wake: neno lenyewe, maana, jina la msemaji, umri wake na mtaa wake. Msemaji aliyetoa maneno mia mbili aliandikwa mara mia mbili. Ilipogunduliwa kwamba mtaa wa msemaji huyo ulikuwa umekosewa, masahihisho yalifanywa mahali pengi, lakini si pote. Hesabu ya maneno kwa kila mtaa ikatoka na kasoro, na kasoro hiyo haikuonekana mpaka siku ya kuitetea kazi mbele ya jopo.

Kosa hilo halikuwa la lugha. Lilikuwa la namna ya kuhifadhi. Kwa kuwa wanafunzi na walimu wengi wa idara zetu sasa wanakusanya matini, kamusi na rekodi za masimulizi, na wengine wanataka kuziweka katika tovuti, inafaa kuuliza: ni lini faili la kawaida linatosha, na ni lini inapasa kuhamia katika hifadhidata ya majedwali? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Mfano tuliouchagua ni wa Wikipedia, ensaiklopidia iliyoanza katika mafaili ya maandishi mwaka 2001 na kulazimika kuhama mwaka uliofuata. Kiswahili nacho kina sehemu yake katika habari hiyo.

2. Mawazo mawili ya kuhifadhi

Kwanza tueleze istilahi. Faili bapa ni faili ambalo taarifa zake zote zimelazwa juu ya uso mmoja, mstari baada ya mstari, bila uhusiano wowote na faili jingine. Wazo hili ni la kale kuliko kompyuta yenyewe. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, mashine za Herman Hollerith zilihesabu kadi zilizotobolewa matundu, kila kadi ikimwakilisha mtu mmoja. Kazi hiyo iliendana vizuri na wazo la faili bapa, kwa sababu maswali yalijulikana kabla ya kadi kutobolewa.

Shida ilianza pale ambapo kitu kimoja kilihusiana na vingine vingi. Katika miaka ya 1960, kampuni ya IBM na washirika wake walitunga mfumo ulioitwa IMS ili kufuatilia vipuri vya vyombo vya mradi wa Apollo wa kwenda mwezini, na mfumo huo ukaanza kufanya kazi mwaka 1968. Taarifa zilipangwa kama mti, kila tawi likitoka katika tawi moja lililo juu yake. Aliyetaka jambo fulani alipaswa kuijua njia ya kulifikia, tawi kwa tawi.

Mwaka 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM ya San Jose, California, alichapisha makala mafupi yaliyopendekeza njia nyingine. Kwa maoni yake, taarifa zipangwe katika majedwali sahili. Kila jambo liandikwe mara moja tu, mahali pake. Jedwali moja lihusishwe na jingine kwa ufunguo, yaani alama inayokitambulisha kitu kimoja na si kingine. Anayeuliza aseme anachokitaka, na mashine yenyewe itafute njia.

Kwa mwanaisimu wazo hili si geni hata kidogo. Kamusi zetu haziandiki kanuni zote za upatanisho wa kisarufi chini ya kila nomino. Chini ya neno «kiti» huandikwa ngeli tu, na kanuni za ngeli hiyo zimeelezwa mara moja katika sarufi. Ngeli ndiyo ufunguo, na sarufi ndiyo jedwali la pili. Mtunzi wa kamusi angerudia «kiti hiki, kiti kile, kiti changu» chini ya kila nomino ya ngeli hiyo, kamusi yake ingekuwa nene mara kumi, na kosa moja la kanuni lingehitaji kusahihishwa katika kurasa mia.

IBM, iliyokuwa na IMS ya kuuza, haikuharakisha kuyatekeleza mawazo ya mtumishi wake. Utafiti wake wa mfumo ulioitwa System R ulianza mwaka 1974, na ndani yake ikazaliwa lugha ya kuulizia majedwali ambayo leo inajulikana kwa jina la SQL. Kampuni iliyokuja kuitwa Oracle ilitangulia kuuza programu ya aina hiyo, mwaka 1979. Kwa watu wa tovuti ndogondogo, hata hivyo, mlango ulifunguliwa baadaye na MySQL, iliyotungwa nchini Sweden na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, kisha ikawekwa chini ya leseni huria mwaka 2000. Tangu hapo, mwenye tovuti asiye na fedha aliweza kuwa na majedwali.

3. Upesi upesi: miezi ya mafaili

Tarehe 25 Machi 1995, mtunzi wa programu Mmarekani aitwaye Ward Cunningham alifungua tovuti ambayo kila msomaji aliruhusiwa kuirekebisha. Aliiita WikiWikiWeb, kwa kuazima neno la Kihawaii alilokutana nalo katika uwanja wa ndege wa Honolulu, ambako mabasi ya abiria yaliitwa wiki wiki, maana yake «upesi upesi». Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uradidi huo. Naye husema haraka haraka pale neno moja lisipotosha.

Upesi huo ulitaka hifadhi isiyo na matayarisho mengi, na faili bapa lilifaa. Kwa mtindo huohuo, Clifford Adams aliandika programu ya UseModWiki katika lugha ya Perl. Ndiyo iliyotumiwa na Jimmy Wales na Larry Sanger walipoanzisha Wikipedia tarehe 15 Januari 2001. Kila ukurasa ulikuwa faili lake, na mafaili yalipangwa katika makabrasha kufuatana na herufi ya kwanza, sawa kabisa na kadi katika masanduku yetu.

Hatusemi kwamba walikosea. Ensaiklopidia yenye kurasa chache ilihitaji kuanza, na ilianza. Kunakili kazi yote kulikuwa kunakili kabrasha moja tu. Mtu aliweza kulifungua faili lolote katika mashine yoyote na kulisoma kwa macho. Laiti waanzilishi wangelikaa miezi sita wakichora majedwali, huenda ensaiklopidia yenyewe isingelizaliwa.

Lakini kabla ya mwaka 2001 kumalizika, makala yalikuwa yamefikia takriban 20,000. Hapo matatizo manne yalijitokeza. La kwanza ni utafutaji: kuijua idadi ya kurasa zinazoitaja Kongo, mashine ililazimika kuyapitia mafaili yote. La pili ni uhusiano: ukurasa ulijua unaelekeza wapi, bali haukujua ni kurasa zipi zinazoelekeza kwake, kwa kuwa habari hiyo ilitawanyika ndani ya mafaili ya wengine. La tatu ni wingi wa mikono: watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja, mmoja sharti asubiri, la sivyo kazi ya mwenzake itafutika. La nne, ambalo tutalirudia, ni kumbukumbu: matoleo ya zamani ya ukurasa yalihifadhiwa kwa muda tu, kisha yakatupwa.

Msomaji azingatie kwamba katika matatizo hayo manne hakuna hata moja linalotokana na uzito wa maandishi pekee. Makala 20,000 si mzigo kwa diski. Kilichoongezeka ni maswali na mikono.

4. Kuhama, Januari 2002

Aliyeijenga nyumba mpya alikuwa Magnus Manske, mwanafunzi wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Köln nchini Ujerumani. Aliandika programu mpya katika lugha ya PHP, yenye kutegemea MySQL, na Wikipedia ya Kiingereza ikahamia humo tarehe 25 Januari 2002. Kurasa za sasa zilipata jedwali lake, matoleo ya zamani jedwali lake, na watumiaji jedwali lao. Jina la mtumiaji na mapendeleo yake yaliwekwa mahali pamoja, na ukurasa ulimtaja tu.

Ingekuwa hadithi, tungeishia hapa. Lakini miezi iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Kwa kuwa sasa maswali yaliulizika kwa wepesi, yaliulizwa mengi mno. Orodha za mabadiliko ya karibuni na za kurasa zinazohitajika ziliielemea seva, na baadhi zikalazimika kufungwa katika saa za msongamano. Lee Daniel Crocker, Mmarekani, aliiandika programu upya, nayo ikaanza kutumiwa Julai 2002. Mwaka 2003 programu hiyo iliyoendelezwa ilipewa jina la MediaWiki, ambalo inalo hadi leo.

Basi, majedwali hayaleti kasi kwa yenyewe. Yanaleta uwezo wa kuuliza. Kasi inatafutwa baadaye, kwa kazi.

5. Kilichopotea na kilichopatikana

Kuhama hakukosi hasara. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayefungua historia ya makala mengi ya zamani hukuta, mahali pa jina la mwandishi, maneno yanayosema kwamba badiliko lilifanywa na programu ya kugeuzia, Februari 2002. Mtu fulani aliandika, mtu mwingine akamsahihisha, lakini mashine ndiyo iliyotia saini. Na yale matoleo yaliyotupwa na programu ya kwanza hayakuweza kuhamishwa, kwani hayakuwako tena. Kwa karibu miaka kumi ilidhaniwa kwamba siku za mwanzo za kazi hiyo zimepotea kabisa.

Desemba 2010, Tim Starling, mmoja wa watunzi wa MediaWiki, alikuwa akipekua mafaili ya zamani ya mradi. Alifungua furushi moja lililobanwa, na ndani yake akakuta nakala tatu kamili za Wikipedia: ya Februari, ya Machi na ya Agosti 2001. Mabadiliko ya miezi saba ya kwanza yakapatikana. Nakala hizo zilisomeka kwa sababu zilikuwa mafaili ya maandishi tu, yasiyohitaji seva wala programu maalumu ili kufunguliwa. Faili bapa, lililokuwa limeshindwa kuibeba kazi, ndilo lililoitunza kumbukumbu yake.

6. Kosa lilelile ndani ya majedwali

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, baada ya kuhama huko, na leo ina zaidi ya makala 50,000. Ilizaliwa ndani ya majedwali, lakini haikuepukana na kosa la faili bapa. Kwa miaka mingi, chini ya kila makala iliandikwa orodha ya makala yanayolingana nayo katika lugha nyingine, na orodha hiyo ilikuwa sehemu ya maandishi ya ukurasa. Mji uliokuwa na makala katika lugha 10 ulihitaji viungo 90, kwa kuwa kila lugha iliyataja makala ya lugha 9 nyingine. Jina likibadilishwa katika lugha moja, kurasa tisa zilipaswa kurekebishwa.

Dawa ilipatikana kwa mradi wa Wikidata, ulioanza Oktoba 2012. Mwaka 2013 viungo hivyo vilihamishiwa humo: mji mmoja, namba moja, na lugha zote zikaelekezwa kwenye namba hiyo. Hapo wazo la Codd la mwaka 1970 lilitimizwa mahali ambapo majedwali yalikuwako tayari kwa miaka zaidi ya kumi. Kumbe mtu anaweza kuwa na hifadhidata ya mahusiano na bado akafikiri kwa faili bapa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kilichoilazimisha Wikipedia kuhama si ukubwa wake bali uhusiano wa mambo yake na wingi wa waandishi wake. Kutokana na historia hiyo tunathubutu kupendekeza mambo matatu kwa wenzetu wanaokusanya matini za Kiswahili cha Kongo.

Kwanza, mkusanyaji aliye peke yake, mwenye orodha moja na maswali anayoyajua, asione haya kutumia faili bapa. Katika miji yetu umeme hukatika, na faili linalobebwa mfukoni linafaa kuliko seva iliyozimika. Pili, siku atakapojikuta akiandika jambo lilelile mara mbili, awe ni msemaji, mtaa au chanzo, ajue kwamba majedwali yameanza kumwita. Asingoje makosa yafike mbele ya jopo. Tatu, akihama, ahifadhi nakala ya maandishi matupu kabla ya kuhama na baada ya kuhama, na wala asitupe matoleo ya zamani kwa ajili ya kuokoa nafasi.

Wazee waliotusimulia maneno hayo hawatakuwako kurudia. Tukikosea mtaa wa msemaji, twaweza kusahihisha. Tukiipoteza sauti yake, hakuna jedwali litakaloirudisha.