Kiberenge cha Mombo na Handeni

Katika miji mingi ya kale ya Ulaya mgeni wa siku hizi hana haja ya kuchosha miguu yake. Mjini Krakow, nchini Polandi, atavikuta vigari vidogo vya umeme vimejipanga kandokando ya uwanja mkuu vikingoja abiria. Atalipa nauli, ataketi, na kigari kitamzungusha kimyakimya katika njia za mawe, huku sauti iliyohifadhiwa katika chombo ikimsimulia kwa lugha aitakayo: hapa palikuwa na ukuta wa mji, pale pana kanisa, kule ndiko walikokaa Mayahudi kabla ya vita vilivyoanza mwaka 1939. Kigari hakinguruma wala hakitoi moshi. Abiria huona mbele yake historia imetandikwa kama mkeka, naye hana kazi ila kutazama.

Sina ugomvi na vigari hivyo. Walakini vyanifanya nifikiri habari ya vigari vingine, vidogo kama hivyo, ambavyo navyo vilikwenda bila ngurumo na bila moshi, wala si kwa umeme, katika nchi yetu ya Korogwe na Handeni. Hakuna sauti inayosimulia habari zake, wala hakuna kibao njiani. Watu wengi wapitao leo katika njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha husimama Korogwe, hununua machungwa, na kuendelea. Na wakifika Mombo hula chakula, wakaitazama milima ya Usambara upande wa kulia, kisha wakaenda zao. Upande wa kushoto, ambako nchi ni tambarare ya miiba na mbuyu mmoja mmoja, hapana atazamaye. Na huko ndiko ilikopita reli ya kusukumwa kwa mikono.

Yafaa kwanza nieleze neno. Wenyeji wa njia ya reli huliita kiberenge gari dogo lipitalo juu ya reli peke yake, bila kuvutwa na kichwa cha treni. Mkaguzi wa njia hulipanda ili atazame mataruma na misumari. Vya zamani vilisukumwa na watu, na vya baadaye vikatiwa injini. Jina ni dogo, la kuchekesha kidogo, na labda ndiyo sababu wanahistoria hawakulijali sana.

Si Handeni tu palipokuwa na usafiri wa namna hii. Mombasa, mji wa kale kuliko yote niliyoitaja katika upande wetu huu, palikuwa na vigari vyake mashuhuri. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1890 kujenga reli nyembamba ya kwenda bara, ikaishia baada ya maili chache tu; na reli zile zilipokosa kazi zikatandazwa katika njia za kisiwa. Juu yake vikawekwa vigari vyenye kiti cha mbao na turubai la kuzuia jua. Bwana mkubwa akitoka Kilindini kwenda mjini, au mgeni aliyeshuka melini akitaka kuiona Ngome ya Yesu, aliketi juu ya kigari, na wanaume wawili au zaidi wakamsukuma wakikimbia. Pakiwa na mteremko walirukia nyuma wakapumzika. Pakiwa na kilima waliinamisha vichwa. Wakubwa wengine walikuwa na vigari vyao wenyewe, na wasukumaji waliovikwa sare. Mambo hayo yaliendelea hata miaka ya mwanzo ya 1920, magari ya mafuta yalipoyafuta. Picha zake zipo nyingi. Ukizitazama utaona kwamba aliyeketi anaitazama kamera, na wasukumaji mara nyingi wamekatwa na ukingo wa picha, mwingine amebaki mkono tu.

Basi turudi kwetu. Reli kubwa ya kaskazini Wadachi walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilikwenda polepole mno. Mwaka 1896 ilifika Muheza, Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Haikufika Moshi hata mwaka 1911. Pamoja na reli ile yaliingia mashamba ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alileta mbegu zake mwaka 1893 kutoka Florida, katika miche elfu moja ikapona 62 tu. Katika mashamba hayo majani hukatwa mbali na mtambo, nayo ni mazito kwa maji; kwa hiyo kila shamba kubwa lilikuwa na reli zake nyembamba, vipande vipande vilivyokwisha fungwa pamoja na mataruma yake ya chuma, ambavyo watu wachache waweza kuvinyanyua leo hapa na kuvitandaza kesho pale. Hii ndiyo mali iliyokuwa imelala Korogwe na kandokando yake vita vilipokuja mwaka 1914.

Wadachi walikuwa na shida moja kubwa. Walikuwa na reli mbili: hii ya Tanga hadi Moshi, na ile ya kati, ya Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyomalizika mwaka uleule wa 1914. Baina ya hizi mbili hapakuwa na kitu ila njia za miguu. Bahari ilikuwa mikononi mwa manowari za Waingereza. Hata meli iliyopenya, kama ile Rubens iliyofika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga mwezi wa Aprili 1915, mizigo yake ilipatikana upande mmoja wa nchi, na askari wangeweza kuhitajiwa upande mwingine. Njia iliyofaa ilikuwa ile ya Uzigua, kupitia Handeni, ambako tangu zamani njia za misafara hukutana, kisha kusini hata Kimamba kwenye reli ya kati.

Hapa msomaji na afanye hesabu pamoja nami, maana bila hesabu hii hataona kwa nini kigari kidogo kilikuwa jambo kubwa. Pagazi huchukua mzigo wa kilo 25 hivi. Yeye mwenyewe hula karibu kilo moja ya nafaka kila siku. Kutoka Handeni hata Kimamba ni kama kilomita 200 kwa miguu. Akienda kilomita 25 kwa siku, ni siku nane kwenda na nane kurudi. Kama mzigo wake ni chakula, na hapati kingine njiani, basi kilo 16 kati ya 25 zimekwisha tumboni mwake. Jeshi limepata kilo tisa. Jeshi lisilotaka kupata kilo tisa litamnyima mpagazi, au litakwenda kuzitafuta katika ghala za Wazigua waliokaa kando ya njia. Na nadhani yote mawili yalitendeka. Lakini weka gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, na watu wanne watasukuma mzigo ambao usingechukuliwa na ishirini.

Kwa sababu hiyo ilijengwa, wakati wa vita, reli nyembamba kutoka Mombo hata Handeni. Ukinyoosha kamba juu ya ramani, haipungui kilomita 60. Ilivuka mto Pangani, ambao wenyeji huuita Luvu, mahali paitwapo Mkalamo, kisha ikapanda. Maana Handeni iko juu kuliko Mombo, na aendaye huko na mzigo huenda akipanda. Vichwa vya treni havikuwapo. Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Wadachi, aliitaja reli hii katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 1920, akaeleza kwamba iliendeshwa kwa nguvu za watu. Ametaja reli, majina ya watu hakuyataja. Simlaumu peke yake, kwa kuwa na Waingereza walifanya vivyo hivyo.

Nguvu za watu! Ni maneno mepesi kuyaandika. Jua la Mei na Juni katika tambarare ile si kali sana, bali la Januari na Februari huchoma chuma hata kisishikike. Sehemu kubwa ya njia haina maji. Nyika ya Handeni ina ndorobo, na ndiyo sababu ng'ombe na punda hawakuweza kuwekwa badala ya watu: mnyama angekufa, na mtu angeweza kubadilishwa kwa mtu mwingine. Nisamehewe kwa kusema hivyo, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya vita katika Afrika ya Mashariki kwa pande zote mbili. Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na jina lililobaki kinywani mwetu ni Kariakoo, lililotokana na neno la Kiingereza la kikosi chao, mahali ambapo leo twanunua vitenge na simu.

Mwezi wa Mei 1916 Jenerali Smuts alishuka na majeshi yake kutoka Kilimanjaro. Safu moja ilifuata reli kubwa, na nyingine ukingo wa mto. Tarehe 9 Juni walipigana Mkalamo, pale pale reli nyembamba ilipovuka maji. Siku ileile Mombo ilitwaliwa; katikati ya mwezi Korogwe; na siku chache baadaye Handeni. Daktari mmoja Mwingereza aliyefuatana na kikosi cha Rhodesia, Francis Brett Young, aliandika kitabu juu ya safari hiyo, Marching on Tanga, kilichotoka mwaka 1917. Yeye alikuwa mtu wa kalamu, baadaye akawa mwandishi wa riwaya mwenye sifa, na anaijua kazi ya kuonyesha nchi: vichaka, mto, vumbi, mwezi. Nikisoma kitabu kile huwa nafurahi kuiona nchi ninayoijua, kisha nakasirika kidogo, maana ni kama nimeketi mbele ya kigari. Kila kitu chaonekana ila yule aliye nyuma.

Wala tusidhani kwamba vita vilipopita Handeni mambo yalirudi kama yalivyokuwa. Majeshi mawili yalikuwa yamekula nchi moja, moja likirudi nyuma na jingine likifuata. Mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, na ndorobo wakarudi pamoja na vichaka. James Giblin, aliyetoa mwaka 1992 kitabu chake juu ya mazingira na utawala katika kaskazini-mashariki ya Tanzania, ameonyesha kwa urefu jinsi watu wa Handeni walivyokuwa na elimu yao ya kuishi na mdudu yule, kwa kufyeka, kulima na kuwa na watu wa kutosha, na jinsi utawala wa kikoloni ulivyoivunja elimu hiyo. Mtu akiondolewa shambani kwenda kusukuma au kupagaa, hasara haiishii kwake. Panga lake nalo limeondoka.

Nimesikia watu wakisema kwamba Handeni haina historia ya kuonyeshwa wageni, kwa sababu haina majumba ya mawe kama Pangani au Unguja. Nakiri kwamba mgeni akipelekwa huko leo na kigari cha namna ya Krakow, macho yake yatapata kazi kidogo. Ataona barabara ya lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe, mahindi, mkaa umepangwa kwa magunia, boma la serikali, na mji ambao wenyeji wenyewe huuita Chanika. Lakini Krakow nayo, sehemu kubwa ya yale anayosimuliwa mgeni hayaonekani tena. Aonyeshwa ukuta uliobomolewa zamani, na mtaa ambao watu wake hawapo. Anayesimulia ndiye anayeufanya uwanja mtupu uwe na habari. Kama ukuta usiokuwapo waweza kuonyeshwa, reli isiyokuwapo itashindwaje?

Shida ni nyingine. Msimuliaji wetu atasema nini? Akichukua vitabu vilivyopo, atasema hapa Smuts alipita, pale von Lettow aliponyoka, na mgeni ataondoka akidhani kwamba mwaka 1916 katika Uzigua walikuwapo Wazungu peke yao wakifukuzana. Ili aseme habari ya wasukumaji itampasa aulize vijijini, na waliosukuma hawapo. Wajukuu wao ni wazee, na vitukuu wako Dar es Salaam. Kazi hii ilipaswa kufanywa miaka 60 iliyopita, wakati mzee wa Mkalamo au wa Handeni angeweza kuonyesha begani pale chuma kilipomchubua. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi kama hiyo upande wa kusini katika miaka ya mwisho ya 1960, wakikusanya habari za Maji Maji kutoka kwa wazee. Reli ya Handeni haikubahatika. Hata sasa, hata hivyo, habari ya babu huishi katika jina la mjukuu, katika jina la kisima, katika sababu ya ukoo fulani kuhama bonde fulani; na mtu ajuaye Kizigua, akiwa na subira, hatarudi mikono mitupu.

Jambo moja lanichekesha kila nikilifikiri. Kigari cha umeme, kama kingeletwa Korogwe, kisingekosa umeme. Maji yale yale ya Luvu yaliyovukwa na viberenge pale Mkalamo hushuka yakapita Korogwe, yakafika Hale, ambako mwaka 1964 kilifunguliwa kituo cha umeme cha megawati 21. Na chini yake zaidi kipo kile kipya cha maporomoko ya Pangani cha mwaka 1995, cha megawati 68. Mto ulikuwa ukishuka kwa nguvu hizo zote mwaka 1915 vilevile, usiku na mchana, na watu walikuwa wakiuvuka na mizigo, wakisukuma kuelekea juu.