Majina Yaliyoshonwa kwenye Blanketi

Miaka ya 1840, wanawake wa Pennsylvania, New Jersey na majimbo jirani ya Marekani walipenda mtindo mpya wa kushona. Kila mmoja alitayarisha kiraka chake cha pamba na kukitia jina lake, kisha viraka vyote vikaunganishwa kuwa blanketi moja. Mara nyingi blanketi hilo lilikuwa zawadi kwa mchungaji anayehama, bibi harusi, au familia iliyokuwa ikifunga mizigo kuelekea magharibi. Watu waliojua kwamba huenda wasionane tena waliachiana majina.

Wino nao ulichangia. Ule wa zamani, uliochanganywa na chuma, uliila pamba taratibu hadi ikatoboka palepale jina lilipoandikwa. Wino bora usiofutika ulipoanza kuuzwa, mwenye mwandiko mzuri aliombwa awaandikie wenzake.

Wengine walipendelea sindano, kwa kuwa herufi walizijua kwa njia hiyo tangu utotoni. Msichana alipewa kipande cha kitani, akahesabu nyuzi zake, akashona vishono vidogo vya msalaba kimoja baada ya kingine mpaka herufi ikasimama. H, L na T hazikusumbua. Kazi ilikuwa kwenye S na O: kishono cha msalaba hakipindi, hivyo mviringo ulipandishwa ngazi kwa ngazi. Vitambaa vingi vya mazoezi vya karne ya 18 havina J wala U, maana I na V zilitosha kwa zote. Ujuzi huo ulikuwa na faida nyumbani. Shuka zilitiwa herufi za mwenyewe na namba, zisipotee siku ya kufua na zitumike kwa zamu. Uzi uliopendwa ulikuwa mwekundu, ule usiochuja rangi.

Thamani ya majina hayo inaonekana vizuri zaidi ukifungua daftari za serikali. Hadi sensa ya 1840, karani aliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Mke, mabinti na mama mkwe waliingia kama tarakimu katika safu za umri. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina. Waliokuwa watumwa wakaendelea kuhesabiwa bila majina. Ndiyo maana watafiti wa koo wanayachunguza mablanketi haya kwa makini: jina la mwanamke ambalo karani hakuliandika linaweza kuwa pale, katika mwandiko wake mwenyewe.

Baadaye herufi zilitafuta fedha. Desemba 1917, Marekani ikiwa vitani, jarida la Modern Priscilla lilichapisha maelekezo ya blanketi la kuchangia Msalaba Mwekundu. Watu walilipa ili majina yao yadariziwe kwa uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Miaka hiyohiyo wafumaji wa kroshia walikuwa wakiandika maneno kwa mtindo wa vyumba vya mraba: chumba kilichojazwa uzi kilikuwa wino, kilichoachwa wazi kikawa karatasi.

Kazi kubwa kuliko zote ilianzia San Francisco. Novemba 1985, katika maandamano ya mishumaa, mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba watu waandike majina ya jamaa na marafiki waliouawa na Ukimwi. Mabango yalibandikwa kwenye ukuta wa jengo la serikali, naye akaona mbele yake blanketi la viraka. Wengi wa marehemu hao walikuwa wametajwa kwa minong'ono tu, hata na ndugu zao. Tarehe 11 Oktoba 1987, vipande 1,920 vilitandazwa Washington, kila kimoja na upana wa futi 3 na urefu wa futi 6, kadiri ya kaburi. Herufi nyingi zilikatwa kwa mkasi na kushonwa moja moja, na majina yakasomwa kwa sauti.

Leo blanketi hilo lina vipande takribani 50,000 na majina zaidi ya 100,000. Lina uzito wa tani 54, limehifadhiwa San Francisco, na vipande vipya bado vinapokelewa.