Betri kubwa ya gari la umeme: Wakati wa kulipa na wakati wa kungoja

MTU anayemiliki gari la umeme lililozeeka huko Umoja, Donholm au Buruburu hatimaye hukabiliwa na swali linalogharimu fedha nyingi: je, alipie betri kubwa zaidi ili gari lake liende mbali kwa chaji moja, au avumilie iliyopo?

Swali hili linawahusu zaidi wenye magari ya Nissan Leaf yaliyotumika kwanza Japani. Magari hayo yalipata kujulikana Nairobi mwaka 2018, pale kampuni ya EkoRent kutoka Ufini ilipoanzisha huduma ya teksi ya Nopea Ride. Huduma hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2022, lakini Wakenya wengine walikuwa wamejiagizia Leaf zao wenyewe, na betri za magari hayo ya awali sasa zina umri wa miaka kumi na zaidi.

Kwa wakazi wengi wa Eastlands, fedha hizo hazistahili kwenda kwenye betri kabla ya kwenda mahali pa kuchajia. Hata hivyo, wapo ambao kwao betri kubwa ni dharura wala si anasa, na tofauti baina ya makundi haya mawili hujulikana kwa hesabu.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa kilowati-saa, kipimo ambacho mteja wa Kenya Power hukijua kwa jina la uniti. Leaf ya kwanza, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa na betri ya uniti 24. Baadaye ikaja ya uniti 30, mwaka 2017 ikatoka ya 40, na mwaka 2019 ya 62. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Leaf ya kwanza iliweza kwenda kilomita 117 ikiwa mpya, ya uniti 30 kilomita 172, ya uniti 40 kilomita 243 na ile ya uniti 62 kilomita 364.

Hapa pana mtego. Wauzaji wengi hunukuu vipimo vya zamani vya Japani, ambavyo vilikuwa na ukarimu uliopita kiasi. Kwa vipimo hivyo Leaf ya kwanza ilisemwa kwenda kilomita 200 na ile ya uniti 40 kilomita 400. Anayeahidiwa kilomita 400 na fundi wa kubadilisha betri anapaswa kuelewa kwamba takwimu hiyo haikupatikana katika Barabara ya Jogoo.

Betri huchakaa. Dashibodi ya Leaf ina vijisanduku 12 vinavyoonyesha afya yake. Cha kwanza hutoweka uwezo unapopungua kwa takriban asilimia 15, na kila kinachofuata huwakilisha asilimia sita hivi. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji kama magari mengine ya umeme, na ndiyo sababu wamiliki wa jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika mnamo mwaka 2012 kwamba joto la jangwani lilikuwa likiua betri zao mapema. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, haina joto la namna hiyo. Mwenye gari la Mombasa ana sababu kubwa zaidi ya kuhofu.

Kabla ya kuamua lolote, apime. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu ya simu iitwayo LeafSpy, huonyesha afya ya betri kwa asilimia na hali ya kila jozi ya seli. Kazi hii haichukui hata nusu saa, nayo huweza kuokoa fedha kwa njia mbili.

Kwanza, huenda betri si mbovu. Mwaka 2018 iligunduliwa, kufuatia uchunguzi wa wamiliki huko New Zealand, kwamba Leaf za uniti 30 zilikuwa zikionyesha uchakavu mkubwa kuliko uliokuwepo. Kampuni ya Nissan ilikiri kuwa kasoro ilikuwa katika programu inayosimamia betri, ikatoa programu ya kuirekebisha. Gari la aina hiyo lililotoka Japani bila kurekebishwa huenda lingali linamdanganya mwenyewe.

Pili, huenda ni sehemu moja tu iliyoharibika. Betri ya uniti 24 ina moduli 48, na kila moduli ina seli nne. Gari hutii seli iliyo dhaifu kuliko zote. Ikiwa chaji hushuka polepole hadi asilimia 25 kisha ghafla picha ya kobe ikatokea kwenye dashibodi na gari likaanza kujikokota, dalili hiyo huelekeza kwenye seli chache mbovu. Kubadilisha moduli moja au mbili ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na betri nzima. Fundi anayependekeza betri nzima pasipo kumwonyesha mteja vipimo vya seli anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Baada ya kupima betri, apime safari zake. Tuchukue Leaf ya uniti 24 ambayo afya yake imeshuka hadi asilimia 70. Inabakiwa na uniti zisizofika 17, na si zote zinazotumika kwa kuwa gari hujiwekea akiba. Tukikadiria uniti 15, na kilomita sita na nusu kwa kila uniti katika mwendo wa mjini, gari hilo litakwenda kilomita 97 hivi.

Kutoka Umoja hadi katikati ya jiji ni takriban kilomita 12. Kutoka Komarock ni 15 au zaidi kidogo. Mfanyakazi anayekwenda kazini na kurudi, akampitisha mtoto shuleni na kupitia sokoni, hafiki kilomita 50 kwa siku. Betri hiyo inayoitwa mbovu inamtosha na kumbakishia. Aidha, msongamano haumuumizi kama unavyomuumiza mwenye gari la petroli, kwa sababu mota ya umeme haili chochote gari likiwa limesimama, na kila anapofunga breki sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri.

Tatizo la mtu huyu mara nyingi ni mahali pa kuchajia. Mwenye nyumba ya Buruburu, zile zilizojengwa kuanzia miaka ya 1970 zikiwa na ua na lango, anaweza kuvuta waya kutoka kwenye mita yake hadi gari linapolala. Mpangaji wa ghorofa ya nne huko Pipeline au Umoja hana uwezo huo. Gari lake hulala katika uwanja wa kulipia, na mita yake ya tokeni iko juu. Wapo wanaoteremsha waya wa kuunganishia kupitia dirishani, jambo la hatari, kwani kuchaji huvuta ampea 10 mfululizo kwa saa nyingi na soketi hafifu huyeyuka. Vilevile kebo za Japani zimeundwa kwa volti 200 ilhali umeme wa Kenya ni wa volti 240, kwa hiyo fundi wa umeme aliyesajiliwa sharti azikague kwanza.

Sasa tazama jambo ambalo wauzaji wa betri hawalitaji. Soketi ya kawaida ikitoa ampea 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4, na sehemu yake hupotea kama joto. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, betri hupata uniti 16 au 17, yaani safari ya kilomita 100 na ushei. Iwe betri ni ya uniti 24 au 62, usiku mmoja wa soketi hutoa kilomita hizo hizo. Anayenunua betri ya uniti 40 na kuendelea kutumia soketi ile ile ameongeza ukubwa wa pipa ilhali bomba halijabadilika. Hata chaja ya ukutani haimalizi tatizo, kwa maana Leaf nyingi za soko la Japani zina chaja ya ndani ya kilowati tatu tu.

Kwa sababu hiyo mpangaji angeanza kwa kuzungumza na mwenye ploti kuhusu mita ya pekee na waya mnene hadi maegeshoni. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa magari: Sh16 kwa uniti, na Sh8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya tozo na kodi. Mita inayohudumia magari matatu au manne ya ploti moja ni mradi ambao hata mwenye nyumba huweza kuuona faida.

Hali ya dereva wa teksi ni nyingine kabisa. Yeye huweza kuhitaji kilomita 150 au 180 kwa siku. Akiwa na betri ya kilomita 97, hulazimika kusimama mchana kutafuta chaji, na saa anazokaa kituoni ni saa ambazo abiria wa Bolt na Uber wanachukuliwa na wengine. Ikiwa gari ni la mkopo, kila saa hiyo ina bei.

Tufanye hesabu ya mfano, msomaji aweke tarakimu zake. Tuseme betri pamoja na kazi ya kuiweka ni Sh500,000, nayo itatumika miaka mitano, yaani Sh100,000 kwa mwaka. Dereva anayeongeza kilomita 80 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hupata kilomita 24,000 za ziada. Kila kilomita ya ziada imemgharimu Sh4 na senti kidogo, na umeme wake juu. Mradi anaweza kuchaji zaidi ya soketi moja ya usiku inavyoruhusu, alipe.

Mfanyakazi wa ofisini anayetaka betri hiyo hiyo ili aende Nakuru kuwaona wazazi mara nne kwa mwaka atasafiri takriban kilomita 1,280 kwenda na kurudi. Kila kilomita itamgharimu Sh78. Akikodi gari la petroli kwa siku mbili kila safari, tuseme Sh5,000 kwa siku, na petroli ikiwa Sh184.52 kwa lita kama ilivyokuwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2025, atatumia kama Sh60,000 kwa mwaka mzima, ambazo ni Sh47 kwa kilomita. Akipanda matatu, hesabu humwelemea zaidi muuza betri. Fahari ya kuingia kijijini na gari lako mwenyewe haimo katika hesabu hii, na kila mtu anajua thamani anayoipa.

Kungoja nako kuna faida yake. Kwa mujibu wa shirika la utafiti la BloombergNEF, bei ya wastani ya betri za lithiamu duniani ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti mwaka 2010, ikashuka hadi dola 115 mwaka 2024. Hiyo ni bei ya viwandani wala si ya Barabara ya Kirinyaga, lakini mwelekeo ni ule ule. Isitoshe, kanuni ya Kenya inayozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka minane imefanya Leaf zinazoingia sasa ziwe za uniti 40 au zaidi. Yafaa kuulizia bei ya kuuza gari la zamani na kununua hilo lingine; huenda tofauti ikakaribiana na bei ya betri, na mnunuzi akapata gari changa pamoja nayo.

Wahudumu wa bodaboda wengi wameepushiwa mzigo huu. Pale kampuni inapomiliki betri na mwendeshaji akaibadilisha kituoni kwa dakika chache, uchakavu ni hasara ya kampuni. Wenye magari hawajapata mfumo kama huo Nairobi.

Anayeamua kulipa ajue kwamba betri ya uniti 40 huweza kuingia mahali pa ile ya 24, lakini gari halitaitambua bila kifaa cha kutafsiri mawasiliano baina ya betri na kompyuta ya gari. Ile ya uniti 62 ni nene zaidi na huhitaji marekebisho ya ziada. Betri ya uniti 40 ina uzito wa kilo zipatazo 300 na nguvu ya umeme ya volti 350 hivi, inayoweza kuua papo hapo. Gereji isiyo na glavu za kuzuia umeme na winchi ya kubebea si mahali pa kazi hii, hata kama fundi ni hodari wa injini za petroli. Mteja adai risiti yenye nambari ya betri, vipimo vya LeafSpy vya kabla na baada ya kuiweka, na waranti ya maandishi inayotaja asilimia ya afya. Aidha, amwarifu mwenye bima.

Jambo jingine la kujadiliana ni betri ya zamani. Isiyofaa tena barabarani hufaa kuhifadhi umeme wa sola au kuwasha taa za nyumba na duka stima inapopotea. Huko Uholanzi, uwanja wa soka wa Johan Cruijff mjini Amsterdam ulifungiwa mwaka 2018 mtambo wa kuhifadhi umeme uliotumia betri 148 za Leaf, baadhi yazo zikiwa zimetumika magarini. Fundi anayebaki nayo amepata mali, na bei yake ipunguzwe kwenye ankara kabla gari halijainuliwa.