Pigo Lisiloacha Kovu

Somo la leo la historia linaanzia ghuba ya Sudi.

Mwezi wa Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliingia Sudi kwa siri. Ilichukua mizinga, bunduki, risasi na dawa. Shehena ikateremshwa, wapagazi wakaibeba kwenda bara. Tarehe 11 Aprili zikaja manowari za Waingereza, mojawapo ikiitwa Hyacinth, zikaipiga Marie kwa makombora. Lakini haikuzama. Kabla ya mwezi kwisha iliponyoka ikaenda zake.

Sasa tuiache meli, tushike makombora. Kombora likipasuka karibu na mtu, huenda asipate hata mchubuko, na huku ubongo wake umetikisika ndani ya fuvu. Mwalimu, andika ubaoni: MTIKISIKO WA UBONGO. Someni pamoja. Mtu aangukaye kutoka juu ya mnazi, au kutoka juu ya pikipiki, hupatwa na jambo lilo hilo. Wengi hupona katika majuma machache. Baadhi yao hubaki na kichwa kuuma, kizunguzungu, usahaulifu, hasira za upesi na uchovu usioisha, hata kwa miezi.

Jambo hili si geni. Al-Razi, mganga wa Uajemi aliyefariki karibu na mwaka 925, alikwisha kuutofautisha mtikisiko na majeraha mengine ya kichwa. Lakini elimu husahauliwa. Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za askari waliotoka vitani Ufaransa wakiwa hawaoni vizuri, hawakumbuki, hawalali. Kwanza madaktari walidhani ni mshindo wa kombora tu. Baadaye wakaona hata waliokuwa mbali na kombora wameugua, maana hofu nayo huumiza. Makamanda wengi hawakungoja mabishano hayo yaishe. Waingereza waliwapiga risasi askari wao zaidi ya 300 kwa kosa la woga, kutoroka na mengineyo, na inaaminiwa kuwa baadhi yao walikuwa wagonjwa. Walisamehewa mwaka 2006, miaka tisini baadaye! Msamaha wa namna hiyo, kwa maoni yangu, huwafaa wajukuu tu.

Je, hutibiwaje? Zamani mgonjwa alilazwa gizani siku nyingi. Siku hizi madaktari husema apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kutembea polepole. Lakini akitapika mara kwa mara, akishikwa na kifafa, akilegea upande mmoja, au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa dalili zinazokawia, limeingia zoezi jingine lililotokana na mafundisho ya Mabudha wa Asia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alilifanya kuwa mafunzo katika hospitali moja ya Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu ya siku nyingi. Mgonjwa hukaa kimya, hata mkekani chini ya mwembe, akaisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka. Fikira zikitoroka, huzirudisha taratibu, kama mchungaji arudishaye mbuzi bila fimbo. Maumivu yakija, huyatazama bila kushindana nayo. Aanze kwa dakika chache, na kizunguzungu kikizidi aache.

Mwaka 2012 wachunguzi wa Göteborg, Sweden, walieleza kwamba mafunzo hayo yaliwapunguzia uchovu wa akili watu walioumia ubongo. Uchunguzi wa namna hiyo bado ni mdogo, wala zoezi hili haliunganishi kilichovunjika. Kazi yake ni kumpunguzia mgonjwa hofu na uchovu, ambavyo huyafanya maumivu kuwa mazito zaidi.

Mwalimu, baada ya kufunga redio, uliza darasa: mtu aliyeanguka mnazini mwaka jana, na mpaka leo hawezi kukwea, hapa kijijini anaitwa nani? Mgonjwa, au mvivu?