Nyundo ya Thor na Washairi Walioihifadhi

Tarehe 21 Aprili 1971, manowari ya Denmark ilitia nanga katika bandari ya Reykjavik, mji mkuu wa kisiwa cha Aislandi. Umati mkubwa wa watu ulikuwa umesimama gatini ukiisubiri. Hawakuja kumlaki mfalme, wala askari waliorudi na ushindi. Walikuja kuvipokea vitabu viwili vikongwe vya ngozi, vilivyorudi kwao baada ya kukaa ughaibuni kwa zaidi ya miaka 300.

Kimoja kati ya vitabu hivyo ni kidogo na hakina mapambo. Kiliandikwa yapata mwaka 1270, kikaingia mikononi mwa Askofu Brynjólfur Sveinsson mwaka 1643, kisha kikapelekwa kwa mfalme wa Denmark, ambaye wakati huo ndiye aliyekitawala kisiwa hicho. Ndani yake mna tungo za kale zinazosimulia habari za miungu ya watu wa Kaskazini. Miongoni mwao yumo Thor, mungu wa radi, mwenye nyundo iitwayo Mjölnir.

Ndiye Thor huyo huyo ambaye leo vijana wa nchi nyingi wanamjua kwa sura ya shujaa wa katuni na sinema, mwenye nywele za dhahabu na joho jekundu, anayepigana na maadui watokao katika nyota za mbali. Madhabahu yake yalivunjwa yapata miaka elfu moja iliyopita. Ni nani basi aliyemvusha karne zote hizo? Jibu ni kwamba walimvusha washairi, na walifanya hivyo kwa ajili ya ushairi, si kwa ajili ya imani.

Watu wa Aislandi waliukubali Ukristo katika baraza lao kuu yapata mwaka 1000. Miungu ya zamani ikaacha kuabudiwa, lakini haikutoka katika lugha ya malenga. Ushairi wao ulijengwa juu ya mafumbo. Mshairi hakuitaja dhahabu kwa jina lake. Aliiita nywele za Sif, kwa kuwa Sif, mke wa Thor, alinyolewa nywele zake kwa hila, akatengenezewa nyingine za dhahabu. Chombo cha baharini kiliitwa farasi wa mawimbi. Thor mwenyewe aliitwa mwana wa Ardhi, au adui wa majitu. Kila fumbo lilikuwa na kisa nyuma yake, na asiyekijua kisa hicho alisikia maneno matupu.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kadiri miaka ilivyopita, visa vilisahauliwa, na vijana waliotaka kutunga walibaki na mafumbo wasiyoweza kuyafumbua. Mshairi na mwanasiasa Snorri Sturluson, aliyezaliwa mwaka 1179, aliliona jambo hilo. Yapata mwaka 1220 akaandika kitabu kiitwacho Edda. Wengi hukisoma leo kama kitabu cha visasili, lakini yeye alikiandika kuwa kitabu cha kufundishia utunzi: sehemu moja inasimulia habari za miungu, nyingine inaeleza mafumbo na asili yake, na ya mwisho inaonyesha kwa mifano bahari mbalimbali za ushairi. Snorri alikuwa Mkristo, na aliwaonya vijana waziwazi kwamba Mkristo hapaswi kuiamini miungu hiyo. Lakini katika onyo hilo hilo aliwakataza kuvitupa visa vyake, kwa sababu kuvitupa ni kuutupa ushairi wa wazee wao. Aliona kuwa kukijua kisa ni jambo moja, na kukiamini ni jambo jingine.

Mfalme Hákon wa Norwe alisifiwa katika sehemu ile ya mwisho ya Edda. Baadaye mfalme huyo huyo alimgeukia Snorri, na mwaka 1241 watu waliotumwa na mahasimu wake walimuua nyumbani kwake Reykholt. Kitabu chake kikabaki.

Je, Thor wa tungo hizo ni nani? Si mungu wa kutisha tu. Kati ya miungu yote ya Kaskazini yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na watu wa kawaida. Snorri anasimulia kuwa safari moja Thor alilala katika nyumba ya mkulima, akawachinja mabeberu wawili waliokuwa wakilivuta gari lake ili wenyeji wake wapate kula. Sharti lake lilikuwa moja: mifupa isivunjwe. Mtoto wa mkulima akaupasua mfupa wa paja ili apate uboho. Asubuhi Thor aliwafufua mabeberu kwa nyundo yake, na mmoja akasimama akichechemea.

Kisa kinachofuata ndicho kilicho bora kuliko vyote. Thor anafika katika ngome ya jitu Utgarda-Loki, naye anashindanishwa kwa michezo inayoonekana myepesi. Anapewa pembe anywe, hawezi kuimaliza. Anaambiwa amnyanyue paka, anafaulu kuunyanyua mguu mmoja tu. Mwishoni anapiganishwa mwereka na bibi kizee, na kizee anampigisha goti. Kesho yake anaambiwa ukweli: ncha ya pembe ilikuwa baharini, na maji aliyoyapunguza ndiyo asili ya kupwa; paka alikuwa joka linaloizunguka dunia yote; na yule bibi alikuwa Uzee wenyewe, ambao hajapata kutokea wa kuushinda. Hapa mwenye nguvu kuliko wote anachekwa, na katika kuchekwa huko msikilizaji anaiona hali yake mwenyewe. Hata mwisho wake ni wa namna hiyo. Siku ya kuangamia kwa miungu, Thor analiua lile joka, anatembea hatua tisa, kisha anaanguka kwa sumu yake.

Tuvuke sasa bahari na karne, tufike New York mwaka 1962. Toleo la 83 la jarida la katuni Journey into Mystery, la mwezi Agosti mwaka huo, lilimleta Thor mpya. Waliomtunga ni Stan Lee, mdogo wake Larry Lieber, na mchoraji Jack Kirby. Lee na Kirby wote wawili walikuwa wana wa wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya, na jambo hilo lina uzito wake. Wanazi walikuwa wameziteka alama za Kaskazini. Hata nembo ya kikosi cha SS ilikuwa herufi mbili za kale za watu hao. Kirby alipigana na majeshi yao nchini Ufaransa mwaka 1944. Miaka 18 baadaye akamchukua mungu ambaye maadui wake walitaka kumfanya wao, akamkabidhi kwa watoto wa Marekani.

Tena walimkabidhi katika umbo gani? Shujaa wa kisa cha kwanza ni Donald Blake, daktari dhaifu mwenye mguu mbovu. Akiwa likizoni Norwe anakutana na wavamizi wa mawe waliotoka sayari ya Zohali, anakimbilia pangoni, na humo anaokota mkongojo. Anaupiga kwenye jiwe, nao unageuka nyundo, naye anageuka Thor. Ikimtoka mkononi kwa zaidi ya sekunde 60, anarudi kuwa kiwete. Baadaye wasomaji walielezwa kuwa ni baba yake, Odin, aliyemshusha duniani katika umbo hilo ili ajifunze unyenyekevu.

Kutoka hapo Kirby aliutanua uwanja. Mwaka 1966 alimpambanisha Thor na Ego, sayari nzima yenye uhai na uso. Mwaka 1969 alimkutanisha na Galactus, mla sayari. Lee naye alimpa Thor Kiingereza cha kikale, kana kwamba alihisi kuwa kiumbe wa namna hii hawezi kusema kama muuza magazeti. Mafumbo ya malenga hayakuwako tena, lakini haja ya lugha iliyotukuka ilikuwa bado hai.

Waliongeza pia jambo ambalo wazee hawakulijua. Katika utungo mmoja mashuhuri wa kale, jitu Thrym linaiiba nyundo Thor akiwa usingizini, na ili kuirudisha inambidi Thor avae shela la bibi harusi. Nyundo hiyo mwizi yeyote mwenye nguvu angeweza kuichukua. Ya New York hainyanyuliwi ila na anayestahili. Kwa wazee, nguvu ilikuwa jambo la kulindwa. Kwa watu walioviona vita vya karne ya 20, ilikuwa jambo la kustahiliwa.

Sharti hilo lilizaa kisa cha mwaka 2014, cha mwandishi Jason Aaron na mchoraji Russell Dauterman. Thor amepoteza haki ya kuishika nyundo, na anayeinyanyua ni Jane Foster, mwanamke anayeugua saratani. Kila anapogeuka, nyundo inaziondoa mwilini dawa alizotiwa kama sumu, na ugonjwa unabaki. Anajua kuwa nguvu hiyo inamuua, na bado anaishika watu wanapohitaji msaada. Ukikisoma kisa hicho, unamkumbuka yule bibi kizee aliyempigisha Thor goti. Mwili wa binadamu na ukomo wake umerudi kuwa mpinzani mkubwa kuliko joka lolote.

Kirby hakuzimiliki kazi alizozichora. Alifariki mwaka 1994, na warithi wake walivutana mahakamani na kampuni ya Marvel juu ya haki zake hadi walipopatana mwaka 2014. Waliomhifadhi Thor hawakulipwa kwa kadiri ya walichokihifadhi, wala Snorri, wala Kirby.

Sisi wa visiwani na mwambao tunazo tungo zenye maneno ambayo vijana wetu huyapita bila kuyafumbua, na mara nyingi tunaridhika kuwalaumu. Snorri aliwaona vijana wa aina hiyo hiyo, akakaa chini akawaandikia maana ya kila fumbo na kisa kilicholizaa. Umati ule wa bandarini mwaka 1971 uliweza kuvisoma vitabu vilivyorudi, kwa kuwa lugha yao haikukatika. Lau Snorri na waandishi wa zama zake wangenyamaza, manowari ile ingeshusha gatini ngozi kavu tu.