Neno Lenye Mdhamini: Meru, Embu na Historia ya Kuaminiana Bila Mkubwa

Anayetafuta fundi wa paa mjini Embu, daktari wa ng'ombe Runyenjes au mbegu ya viazi Timau siku hizi huuliza kwanza kwenye kundi la WhatsApp. Majibu humiminika: nambari tatu nne za simu, kila moja na sifa zake. Kazi inaanza hapo, maana lazima ajue ni jibu lipi lina mtu nyuma yake na ni lipi limerushwa tu likapita. Wengi hudhani mashaka haya yaliletwa na simu, na kwamba dawa yake ni mkubwa fulani, iwe serikali au kampuni, atakayetuchujia ukweli. Historia ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya inasema vingine. Watu wa huko waliishi vizazi vingi bila mfalme na bila ofisi ya kuthibitisha lolote, wakauziana, wakaelekezana na kushauriana na wageni. Walichokitegemea ni kwamba neno huaminika pale msemaji anapokuwa na cha kupoteza akidanganya, na msikilizaji anapokijua.

Waingereza walipoitwaa Embu mwaka 1906 na kufungua kituo cha Meru chini ya E. B. Horne miaka miwili baadaye, walitafuta machifu wasiwapate. Waliwakuta Waigembe, Watigania, Waimenti, Wamwimbi na wenzao, kila sehemu ikijiendesha kwa mabaraza ya wazee yaliyoitwa kiama, na juu yake Njuri Ncheke, iliyowakusanya wazee teule pale jambo lilipozishinda ngazi za chini. Kwa Waembu na Wambeere pia kiama ndicho kilichoamua. Hata Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru aliyeandikiwa kitabu kizima na Bernardo Bernardi mwaka 1959, alikuwa na baraka lakini hakuwa na askari. Katika mpangilio wa namna hiyo hakuna muhuri wa kukuhakikishia kwamba mgeni aliyesimama mlangoni ni mtu mwema, wala kwamba ng'ombe anayekuuzia si wa wizi. Uhakika ulipaswa kutoka kwa mtu mwingine, na mtu huyo alipaswa kuwa na sababu ya kusema kweli.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni gichiaro. Huu ni undugu wa kiapo kati ya koo na koo, mara nyingi koo za sehemu zilizo mbalimbali, ambao husimuliwa kuwa ulitokana na maagano ya kale yaliyofunga vizazi vyote vilivyofuata. Mtu na mwichiaro wake, yaani mwenzake wa undugu huo, hawamwagiani damu. Mmoja akimwomba mwenzake chakula au malazi, kumnyima ni jambo la kuogopwa. Tena hawadanganyani, kwa maana anayemdanganya mwichiaro huaminika kujiletea msiba yeye na watu wake. Mtafiti wa Kijapani Shin-ichiro Ishida, aliyefanya kazi muda mrefu miongoni mwa Waigembe, ameonyesha kwamba desturi hii haijaishia kwenye masimulizi: kesi ikiwashinda wazee, huitwa waichiaro wa wanaogombana, na mbele yao mtu huogopa kushikilia uongo. Hapa ndipo penye uzito kwangu. Mwichiaro si ndugu wa tumbo moja, wala si jirani mwenye mpaka na shamba linalogombaniwa. Hana fungu katika ugomvi, na kwa hiyo hana faida ya kupotosha. Lakini kiapo kinamfunga, kwa hiyo si mpita njia anayesema lolote kisha akaenda zake. Mtu wa namna hii, asiye na maslahi na asiyeweza kukwepa lawama, ndiye kila mmoja wetu angependa amjibu anapouliza habari za fundi.

Upande wa Embu, mwanahistoria Charles Ambler katika kitabu chake cha 1988 ameeleza jinsi Waembu, Wambeere na Wakamba wa Kitui walivyofungamana kwa biashara, ndoa na udugu wa damu katika karne ya 19. Nafaka ilishuka kutoka nyanda za juu, mifugo na bidhaa nyingine zikapanda, na sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wanawake. Njaa kubwa ya miaka ya mwisho ya karne hiyo ilipofika, waliohama kutoka Mbeere na Kitui kupanda Embu walikwenda mahali penye jina la kutaja: ndugu wa damu, mkwe, mtu waliyeuziana naye zamani. Asiye na jina la kutaja alikuwa taabani. Hata mwenye nalo alilipa gharama kubwa, kwani wapo wanawake na wasichana waliowekwa rehani kwa familia zenye chakula. Jambo hili halifai kufichwa. Mtandao uliowaokoa wengi uliendeshwa na wanaume, na deni lake liliangukia miili ya wanawake.

Hoja kubwa dhidi ya maelezo yangu inatoka hapohapo: kwamba uaminifu wa namna hii ulikuwa mali ya wazee wa kiume tu, na wengine waliamriwa wauite uaminifu. Mwaka 1956 unatoa jibu lenye pande mbili. Tangu 1937 sheria ya mamlaka ya machifu ilikuwa imewapa watu walioteuliwa na serikali uwezo wa kuamuru vijijini. Njuri nayo, iliyokuwa imeshukiwa na kubanwa na maafisa wa kwanza, ilirudishiwa heshima miaka ya 1930 chini ya H. E. Lambert, afisa yuleyule ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa utafiti wake wa lahaja za pwani. Lakini ilirudi ikiwa chombo cha utawala. Aprili 1956, katikati ya Hali ya Hatari, Njuri ilipiga marufuku ukeketaji. Kilichofuata kimeelezwa kwa kina na mwanahistoria Lynn Thomas: wasichana walinunua nyembe madukani, wakakutana vichakani na kukeketana wenyewe kwa wenyewe, wakajiita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa. Ukeketaji ni madhara, na sina neno la kuutetea. Ninachokitazama ni njia iliyotumika. Wazee walitangaza kwa niaba ya serikali jambo ambalo wasichana na mama zao hawakuulizwa, na wao wenyewe hawakuhatarisha chochote kwa kulitangaza. Neno lao liligeuka amri, na mabinti wakasikilizana wao kwa wao. Kwa hiyo pingamizi ni la kweli kwa upande mmoja: mabaraza yale yaliwatenga wanawake na vijana, na kasoro hiyo ndiyo iliyoyaumiza siku yalipohitaji kuaminiwa nao. Upande wa pili ni kwamba kuungana na mkubwa hakukuwaongezea wazee imani ya mtu yeyote.

Pingamizi jingine ni la ukubwa. Viapo vya koo, mtu atasema, vinafaa kwa watu wanaofahamiana sura. Dunia ya leo ni pana mno. Tuiangalie miraa ya vilima vya Nyambene huko Meru. Sizungumzii hapa ubishi kuhusu afya, ambao ni wa haki na una mahali pake, nazungumzia jinsi inavyouzwa. Kemikali inayoipa nguvu, cathinone, huanza kuvunjika punde tu matawi yanapochumwa, na baada ya siku mbili hivi mzigo haufai. Kwa hiyo hakuna muda wa maabara wala wa mawakili. Asubuhi vijiti huchumwa Igembe, hufungwa mabunda na kuvikwa majani ya mgomba yatunze unyevu, kisha magari huondoka Maua mbio kuelekea Nairobi. Vijiti vizuri vikiwekwa nje na vibaya ndani, anayelipa hatajua mpaka afungue jani, na wakati huo aliyefunga yuko mamia ya kilomita nyuma. Sehemu kubwa ya mzigo huenda mali kauli: unatumwa leo, unalipwa ukishauzwa. Neil Carrier, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu biashara hii, anaonyesha mnyororo ambao haumilikiwi na yeyote, wenye wakulima, mawakala wa Kimeru na wafanyabiashara wa Kisomali, kutoka Maua mpaka Mogadishu na, kabla ya marufuku ya Uingereza ya Juni 2014, mpaka London. Mchuuzi wa London hakuhitaji kumfahamu mkulima wa Kangeta. Alihitaji kumwamini aliyemtumia, naye huyo amwamini aliye nyuma yake, na kila mmoja ajue kwamba akichezea bunda moja kesho hatatumiwa wala hatalipwa. Kilichosafiri mbali ni dhamana, kiungo kwa kiungo. Somalia ilipofunga mlango Machi 2020 na kuufungua tena Julai 2022, walioumia katikati waliumizwa na uamuzi wa kisiasa, jambo ambalo hakuna kuaminiana kwa wafanyabiashara kungelizuia. Hapo lazima nikubali mpaka wa hoja yangu: mtandao wa namna hii hauna ngao dhidi ya dola.

Atakayesema kwamba hofu ya kiapo imepungua tangu Wamisionari wa Consolata, Wamethodisti na Waanglikana walipoingia sehemu hizi mwanzoni mwa karne ya 20, hatakosea. Lakini chini ya kiapo palikuwa na gharama, na gharama yaweza kuwekwa kwa njia nyingine. Angalia fomu ya mkopo wa sacco yoyote ya walimu au wakulima. Anayeomba huleta wadhamini, nao hutia sahihi wakijua kwamba asipolipa, akiba zao zitakatwa. Mdhamini hukataa kimyakimya kumtilia sahihi mtu asiyemwamini, hata kama kanisani humsifu kwa sauti. Sifa ya kanisani haimgharimu kitu, sahihi inamgharimu.

Kwa kipimo hicho makundi ya simu yanaweza kuhukumiwa kwa haki. Redio za lugha za huku, kama Muuga FM na Wimwaro FM, ziliwapa wasikilizaji nafasi ya kupiga simu na kusikika, na hata hapo mtu hutaja jina lake na anakotoka kabla ya kusema. Ujumbe uliopitishwa kutoka kundi hadi kundi hauna hata hilo. Unakuja na sifa za fundi au dawa ya mifugo huku aliyezisema mwanzo akiwa amefutika. WhatsApp yenyewe ililiona hili: Januari 2019 ilipunguza idadi ya mahali ujumbe unaweza kupitishwa kwa mara moja hadi 5, kisha Aprili 2020 ikaubana zaidi ujumbe uliokwisha kuzunguka sana. Inasaidia kupunguza kasi, lakini haimrudishi msemaji. Wanaojenga mitandao isiyo na kitovu, kama Mastodon iliyoanza mwaka 2016, wamekaribia zaidi walichokifanya wazee wa Nyambene: jamii ndogo nyingi, kila moja na kanuni zake, zinazoweza kuzungumza na nyingine au kuvunja uhusiano nayo ikizoea uongo. Jamii inayovumilia matapeli hujikuta imekatwa, na wanachama wake wote hulipa. Kasoro yao ni kwamba mtu anaweza kuhamia jamii nyingine kwa jina jipya kesho yake, na mwichiaro hakuweza kuhama.

Kwa kundi la wakulima wa Runyenjes au Timau, basi, kuna mambo yanayowezekana bila kumngoja mkubwa yeyote. Anayependekeza fundi aseme alimfanyia kazi gani, lini na kwa bei gani, kwa jina lake linalojulikana kundini. Aliyeshauriwa akiharibikiwa aruhusiwe kurudi na kusema hivyo palepale, mbele ya waliousikia ushauri. Na wanawake, ambao kwa muda mrefu walibeba mizigo ya soko bila kukaa barazani, wawe miongoni mwa wanaoamua nani atolewe kundini na nani abaki.