Mchezo wa video unapokwamakwama: mahali pa kuanzia kabla ya kununua kompyuta mpya

Kijana anafungua mchezo wa kandanda kwenye kompyuta ya nyumbani. Dakika za mwanzo mambo yanakwenda vizuri, kisha wachezaji wanaanza kusuasua, picha inaganda, na mpira unaonekana umekwishaingia wavuni kabla mlinda mlango hajaruka. Mara nyingi ushauri anaopewa mzazi ni mmoja tu: kompyuta imezeeka, nunua nyingine. Ushauri huo huweza kuwa wa kweli, lakini unagharimu fedha nyingi, na kasoro zenyewe aghalabu huwa ndogo kuliko bei ya kompyuta.

Skrini haionyeshi mwendo. Huonyesha picha tuli zinazofuatana upesi, na kila picha huitwa fremu. Ili fremu 60 zipatikane kwa sekunde, kompyuta hupewa takriban milisekunde 16.7 tu kuikamilisha kila moja. Kwa fremu 30, muda huo ni milisekunde 33.3. Fremu moja ikichukua milisekunde 100, jicho huona mkwamo, hata kama nyingine zote zilifika kwa wakati. Ndiyo maana mchezo waweza kuonyesha wastani mzuri wa fremu na bado ukamchosha mchezaji.

Jambo la kwanza la kubainisha ni kama tatizo limo ndani ya kompyuta au limo katika mtandao, maana watu wengi huyachanganya haya mawili. Katika mchezo unaochezwa na watu walio mbali, mtandao dhaifu huwafanya wachezaji wengine waruke kutoka hapa hadi pale au warudi nyuma ghafla, ilhali mandhari yenyewe inageuka bila kukwama. Kompyuta ikizidiwa, kila kitu husuasua pamoja, hata ukigeuza tu upande wa kutazama. Kipimo chepesi ni kucheza bila intaneti, dhidi ya kompyuta yenyewe. Ikiwa kukwama kumetoweka, tatizo ni mtandao. Kununua kadi mpya ya picha hakutasaidia hata kidogo.

Swali la pili ni lini kasoro huanza. Mchezo unaokwenda vizuri kwa dakika kumi au ishirini kisha ukazorota unaelekeza kidole kwenye joto. Prosesa na kadi ya picha hujilinda: zinapokaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa prosesa nyingi za kompyuta mpakato ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Katika nyumba zetu zenye vumbi, feni na matundu ya hewa huziba polepole bila mtu kutambua. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha safisha kwa brashi laini na hewa, ukiyashikilia mapanga ya feni yasizunguke ovyo. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya godoro wala mto, kwa kuwa kitambaa huziba matundu ya chini. Kwa kompyuta ya miaka mingi, fundi anaweza pia kubadilisha pasta inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoozi chake. Pasta hiyo hukauka. Ni kazi ya muda mfupi kwa anayeijua, ila asiyeijua asiithubutu.

Kompyuta mpakato inayochezewa kwa betri nayo hupunguza kasi ili kuhifadhi umeme. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hili pekee hueleza kwa nini mchezo uleule ulikwenda vizuri jana na leo haufai.

Kasoro ikiwapo tangu dakika ya kwanza, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwenye Windows. Programu ya Task Manager itafunguka na kuonyesha ni kiasi gani cha prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya picha kinachotumika. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Hapo ndipo mikwamo ya ghafla huzaliwa. Kufunga kivinjari chenye kurasa ishirini kunaweza kutosha.

Asilimia ya prosesa isomwe kwa hadhari. Prosesa yenye njia nane za kazi huweza kuonyesha asilimia 13 tu ilhali njia moja inayotegemewa na mchezo imekwishafika mwisho. Kipimo kizuri zaidi ni hiki: ndani ya mchezo, punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Idadi ya nukta za kuchorwa hushuka kutoka 2,073,600 hadi 921,600, yaani chini ya nusu. Mchezo ukipata nafuu, aliyekuwa amezidiwa ni kadi ya picha. Usipobadilika, mshukiwa mkuu ni prosesa. Punguza basi idadi ya watu na magari yanayoonekana, pamoja na umbali wa mandhari.

Wenye kompyuta za mezani watazame pia waya wa skrini. Kompyuta yenye kadi ya picha ya ziada huwa na matundu mawili ya aina moja nyuma, na ni rahisi kuuchomeka waya katika lile la ubao mkuu, hivyo kadi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi ikakaa bure. Zisizo na kadi hiyo huchota kumbukumbu ya kompyuta yenyewe kuchorea picha, na kwa hizo vipande viwili vya gigabaiti 4 kwa kawaida hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha gigabaiti 8, kwa sababu husomwa kwa pamoja.

Limebaki jambo lisilopendeza kusemwa. Michezo iliyovunjwa kufuli, ile inayogawiwa bure kwa diski za mkononi, huweza kubeba mgeni. Mwezi Juni 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Avast ilieleza kuhusu programu hasidi iliyoiita Crackonosh, iliyofichwa katika nakala haramu za michezo kama Grand Theft Auto V na The Sims 4. Ilizima kinga ya kompyuta, kisha ikatumia prosesa kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa faida ya watu wengine. Kompyuta zaidi ya 222,000 ziliambukizwa. Kwa hiyo feni ikivuma kwa nguvu hata wakati hakuna mchezo uliofunguliwa, au kinga ya kompyuta ikikataa kuwaka, anzia hapo. Programu zinazodai kuongeza kasi kwa kubonyeza mara moja nazo ziepukwe. Nyingi huongeza mzigo tu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha upime mahali palepale ndani ya mchezo uleule. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hutajua kipi kilichosaidia, na fundi utakayempelekea kompyuta hatajua pia.